Mashine ya Uongo na Tung'ombe Tuwili Tutatu

Haji, mfanyabiashara wa kahawa niliyekuwa nikimpakilia magunia pale Kaisho, alikuwa na neno moja asilolivumilia dukani kwake. Si tusi. Matusi aliyazoea, hasa ya sisi wapakiaji gunia linapotua kwenye kidole cha mguu. Neno lenyewe ni "wanasema."

"Haji, wanasema mwaka huu mvua zitachelewa."

"Nani hao? Wanakaa wapi? Wana wake, wana watoto? Niletee mmoja hapa anywe chai, nimuulize yeye kasikia kwa nani."

Alizaliwa hapa hapa, na Kinyambo anakiongea kama mwenye nyumba, ila babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na utotoni Haji alikaa chuo cha Kurani kwa mwalimu mkali aliyemfundisha kwamba habari ina ukoo kama mtu. Fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ufike kwa aliyekuwepo akaona kwa macho yake. Habari isiyomjua baba yake, Haji aliifukuza kama mbuzi aliyeingia kwenye maharage.

Aliyefukuzwa pamoja nazo mara nyingi zaidi nilikuwa mimi. Niliacha shule darasa la sita, si kwa shida kama watu wanavyopenda kunihurumia, bali miguu tu ilikuwa inawasha. Nilikata ndizi Igurwa, nikafyatua matofali Nyakatuntu, nikatembeza miwani ya jua kwenye minada ya ng'ombe, ambako hakuna aliyeihitaji na wote waliijaribu. Kila nilikopita nilisoma. Nilisoma karatasi iliyofungiwa maandazi, maelezo ya dawa ya kuogeshea mifugo, magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani kwenye vyumba vya kupanga. Nilisoma mpaka pale karatasi ilipochanika, na pale ilipochanika nikamalizia mwenyewe. Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kituo cha kulelea habari yatima, na Haji alikijua vizuri.

"Huyu," aliwaambia wateja akinionyesha kwa kidole, "ni profesa. Kila kitu anakijua, na hakuna anayejua kakijulia wapi."

Mtunza stoo wake alikuwa kinyume changu. Alitoka ukoo wa wafugaji, mrefu, mpole, Jumapili hakosekani benchi la mbele kanisani. Aliweza kukaa nawe kutwa nzima bila kusema neno, na jioni ukaondoka ukiona mmeongea. Ng'ombe wa kwao walilisha kwenye nyika upande wa bondeni, wakichungwa na wadogo zake, na si wote walikuwa wa kwao. Wengine walikuwa wa watu waliowaleta awatunzie. Huku kwetu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mtu anakuja na ng'ombe wake, anakuachia, anakwenda zake. Hakuandikishi. Anakuachia kwa sababu jina lako ni safi. Na siku jina likichafuka hakuna anayekugombeza. Watu wanakuja mmoja mmoja, taratibu, kila mmoja na fimbo yake, wanakusalimu vizuri, wanaulizia watoto, halafu wanaswaga ng'ombe wao kurudi nyumbani.

Ndiyo maana yalipopotea maturubai, sikuogopa kwamba mtunza stoo angekosa kazi. Kazi zipo. Niliogopa zile fimbo.

Yalikuwa maturubai mapya ya kuanikia kahawa, bado yana harufu ya dukani, yamekunjwa kwenye kona ya stoo. Asubuhi moja kona ilikuwa tupu. Mlango haukuvunjwa, kufuli zima, na ufunguo walikuwa nao Haji na mtunza stoo tu. Sisi wapakiaji tuliingia na kutoka mchana kutwa siku iliyotangulia. Haji alituuliza mmoja mmoja, kila mtu akakana, na mambo yangeishia kwenye manung'uniko kama yanavyoishia siku zote, isipokuwa wiki hiyo hiyo alifika mpwa wake kutoka Kampala.

Kijana mcheshi, mwenye viatu vyeupe vilivyodumu na weupe huo mpaka kwenye dimbwi la kwanza. Alipenda vyombo vya umeme kama mimi ninavyopenda karatasi. Safari hii alileta sanduku jeusi, ndani yake mna mkanda wa kufunga kifuani, vibanio vya vidole, kitambaa cha mkononi kama kile cha kupimia presha, na waya zote zinakwenda kwenye kompyuta.

"Mjomba, hii ni mashine ya kupima uongo. Unamuuliza mtu, yeye anajibu kwa mdomo, mashine inasikiliza moyo."

"Moyo unasema Kiswahili?" Haji aliuliza.

"Moyo hauna lugha, Mjomba. Ndiyo uzuri wake."

Tulipimwa wote mle stooni, tumekaa juu ya gunia la kahawa ya maganda. Mpwa aliuliza jina, akauliza leo siku gani, kisha akauliza maturubai. Mistari yetu ilitembea kwenye kioo kama siafu, bila shida. Alipofika mtunza stoo, jina sawa, siku sawa, maturubai, mstari ukaruka kama panzi. Mpwa akarudia. Ukaruka tena.

"Mimi simwiti mtu mwizi, Mjomba. Lakini mstari huu hapa."

Haji aliusogelea mstari, akautazama. Alimpenda yule mtu, wote tulijua. Mwishowe alimwambia, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niachie ufunguo mpaka siku ya gulio. Siku hiyo nitaamua." Mtunza stoo akautoa mfukoni, akauweka juu ya mzani, akachukua kofia yake. Hakujitetea hata kwa neno moja, na ule ukimya wake ambao kila siku tuliusifu, siku hiyo ulionekana kama jibu.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia kabla yangu.

"Haji, wanasema mashine hizi hazifai kitu!"

Wapakiaji wenzangu wakainamisha vichwa, wakisubiri mvua inyeshe. Haji alinigeukia taratibu.

"Nani wanasema?"

Kwa kawaida ningecheka na kwenda kubeba gunia. Safari hii nikasema, "Nipe mpaka siku ya gulio. Nitakuletea."

"Ukoo kamili?"

"Ukoo kamili. Fulani kwa fulani."

"Profesa," akasema, na nadhani hakutania, "ukileta 'wanasema' hata moja, utabeba magunia yako na ya wenzako."

Nilianzia zahanati, kwa sababu kile kitambaa cha mkononi nilikuwa nimekiona huko. Nesi nilimkuta anapumzika, anakunywa uji. Nikamwamkia, nikamuuliza kama presha ya mtu inaweza kupanda kwa sababu anadanganya.

"Inaweza."

Moyo wangu ukashuka.

"Na inaweza kupanda kwa sababu amepanda kilima," akaendelea. "Kwa sababu mtoto anaumwa. Kwa sababu ameniona mimi. Kuna mama anakuja hapa kila mwezi, nikimpima akiingia tu, inatisha. Nikimwacha akae, aongee habari za migomba yake, nikapima tena, imeshuka. Amedanganya nini hapo? Migomba?"

"Kwa hiyo ukiona imepanda, unajua nini?"

"Najua imepanda. Ingekuwa presha ni uongo, kaka yangu, kata nzima ingekuwa jela."

Nikamwomba ruhusa ya kumtaja. Akafuta mdomo, akakaa vizuri kama anayepigwa picha. "Sema ni mimi, na sema nimepima mwenyewe kwa mikono yangu. Usiseme nimesoma."

Huyo alikuwa wa kwanza kwenye ukoo wangu, nami niliondoka pale nikitembea kama mwenye mali.

Kwenye duka la steshenari nilikaa siku mbili tatu, na dada mwenye duka alinivumilia kwa sharti kwamba niwashughulikie wateja wa fotokopi. Nilitafuta mtandaoni. Karibu yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha maelezo ya dawa za ng'ombe, kwa hiyo nilisoma nikiwa na kamusi, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe mengi. Na kwa mara ya kwanza maishani, sikujiuliza tu kimeandikwa nini. Nilijiuliza kama Haji: nani huyu, anakaa wapi, kasikia kwa nani?

Ni ajabu swali hilo linavyopunguza foleni. Mmoja aliisifu mashine kwa kurasa nyingi, nikateremka mpaka chini, nikakuta anauza mashine. Mwingine aliiponda kwa hasira, nikateremka, nikakuta aliwahi kupimwa akafukuzwa kazi. Wote wawili nikawaweka pembeni, ingawa yule wa pili nilimpenda. Nikabaki na wachache. Walikuwepo wanasayansi wa Marekani ambao serikali yao wenyewe iliwaomba wapekue ushahidi wote, wao hawauzi wala hawajafukuzwa. Walikuta mashine inaona hofu na mshtuko, na kwamba hakuna alama ya mwilini ambayo ni ya uongo peke yake. Nilikuta pia kwamba huko huko kwao waajiri wengi wa kampuni binafsi wamekatazwa na sheria kuwapima wafanyakazi wao, na kwamba mahakama nyingi haziyapokei majibu yake kama ushahidi.

Nilikuta na kitu nisichokipenda. Wanasayansi wale wale walisema kwamba katika majaribio, mtu akiulizwa juu ya tukio moja mahususi, mashine inapata zaidi ya yule anayebahatisha. Si kwa uhakika, lakini zaidi. Niliitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Kidole changu kilitaka kuiteremsha haraka ipotee kwenye kioo. Yule mimi wa zamani angesoma mpaka hapo, akajifanya karatasi imechanika.

"Mbona umenuna?" dada wa steshenari aliuliza.

"Nimekuta ukweli wa upande wa pili."

"Si uuache humo humo kwenye kompyuta?"

"Haji ataunusa."

Nikauchapisha pamoja na mengine.

Siku moja kabla ya gulio nilipita nyumbani kwa Haji kupeleka sukari, nikamkuta mama yake, Bibi wa watu wote, barazani anachambua maharage. Bibi haoni vizuri lakini kwenye maharage vidole vyake havijawahi kukosea. Nikamwamkia, nikakaa, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimejaa mashine, nikamsimulia yote.

"Lo, kumbe wamerudisha kiapo cha mchele," akasema.

"Kiapo gani, Bibi?"

"Baba yangu alitusimulia, yeye alikiona kwa macho yake kwao pwani akiwa mdogo. Kitu kikiibiwa, watu wanakalishwa, kila mtu anapewa mchele mkavu mdomoni, umesomewa dua. Anaambiwa atafune ameze. Atakayeshindwa kumeza, huyo ndiye mwizi. Maana mwizi anaogopa, na mwenye hofu anakaukwa mate."

"Na waliomeza, Bibi, walikuwa watu wema?"

"Walikuwa watu wenye mate."

Nilicheka mpaka nikamwaga maharage, akanipiga kikofi cha mkononi na kunifanya niyaokote yote, pamoja na yale aliyokwisha kuyatupa. Lakini nilipoondoka nilikuwa na shahidi ambaye Haji asingeweza kumuuliza anakaa wapi.

Gulio likafika. Siku hiyo Kaisho hujaa. Wanawake na maharage, mikungu ya ndizi imepangwa njiani, wafugaji wameshuka kutoka nyikani na makoti yao marefu na fimbo zao. Kwenye baraza ya stoo ya Haji walikaa wachache wao, kama kawaida, wakisubiri bei. Mzee mmoja kati yao nilimfahamu. Ng'ombe wake walikuwa bondeni, kwa mtunza stoo. Kwa kawaida mzee huyo aliegemeza fimbo yake ukutani. Siku hiyo ilikuwa magotini, ameishika kwa mikono miwili, na mtunza stoo alipofika walisalimiana vizuri, vizuri mno, na mzee akaulizia watoto.

Tulijua wote amefuata nini.

Haji akatokea, akakaa kwenye kiti chake. Wenyeji walikuwa wameleta akamwani, zile buni za kuchemsha na kukausha ambazo huku mgeni hutafunishwa kabla ya maneno. Sahani ikazunguka. Mimi kwa woga nilitafuna kiganja kizima, nikarudia.

"Haya, Profesa. Nani wanasema?"

Nikasimama, nikasema. Nesi wa zahanati, aliyepima mwenyewe kwa mikono yake, hakusoma. Wanasayansi, walioombwa na nani, walikuta nini. Sheria ya waajiri, mahakama. Yule mwuza mashine na yule aliyefukuzwa nikawataja pia, na kwa nini nimewaacha. Kisha nikameza mate na kusoma ile sentensi nisiyoipenda, kwamba mashine inapata zaidi ya kubahatisha.

Mpwa akaruka. "Mnasikia! Kasema mwenyewe!"

"Kasema," Haji akamjibu. "Na kwa kuwa kalisema hilo, sasa naanza kuyaamini yale mengine. Endelea."

Nikamalizia na mchele. "Kwa Bibi, mama yako, aliyesikia kwa baba yake, aliyekuwepo."

Haji alitabasamu ndevuni. Nilijua hapo nimempata. Lakini Haji si mtu wa kupatikana mapema hivyo.

"Ukoo wako ni mzuri," akasema. "Sijawahi kukusikia ukisema hivi, hongera. Lakini tazama. Hao wote, na Mungu awabariki, hakuna hata mmoja aliyeiona mashine hii, hapa, ikikosea. Shahidi wako wa mwisho hayupo."

"Basi nipime mimi!" nikasema. "Kosa linaweza kuonekana sasa hivi."

Nikafungwa mkanda na vibanio. Mpwa akaniuliza jina langu. Nikalitaja. Mstari ukaruka, ukarudi, ukaruka, hautulii. Buni zote zile zilikuwa zinapiga ngoma kifuani.

"Mnaona?" nikapiga kelele. "Nimesema jina langu la haki, na mashine inasema ni uongo!"

"Sasa hilo," Haji akasema, "nani hapa anayeweza kulithibitisha? Umekuja huku kwa miguu, una miwani ya jua kwenye begi. Labda jina si lako."

Baraza lote likacheka, na mimi pia, japo mkanda ulikuwa unanibana. Sina ndugu Kaisho. Habari yatima kabisa.

Mpwa naye alikuwa mtu wa haki, lazima niseme. Hakupenda kumwona mtu ameonewa. "Mjomba, tufanye hivi. Tumpime mtunza stoo upya, mbele ya watu wote. Na tuanze na swali jepesi, ambalo kila mtu hapa anajua jibu lake, ili tuone kwanza mstari wake ukoje akisema kweli. Sawa?"

"Sawa," Haji akasema.

Mtunza stoo akavua kofia, akafungwa mkanda. Hakuwa ametafuna kitu. Mpwa akafikiri kidogo, akaangaza macho barazani kutafuta swali jepesi, akaona makoti, akaona fimbo, uso ukamng'aa.

"Haya. Nyumbani kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Pale barazani ikawa kama mtu ameangusha sufuria kanisani. Wazee wakatazama mbali. Mmoja akaanza kukagua kucha zake. Kijana wa watu alikulia mjini, hakujua. Ng'ombe hawatajwi idadi. Si siri kubwa wala si ushirikina wa kutisha, ni adabu tu. Ukiwahesabu mbele za watu unajigamba, na unawaita balaa lije lione. Mtoto wa mfugaji anafundishwa jibu la swali hilo kabla hajafundishwa sala.

Mtunza stoo alijibu bila kupepesa, kwa Kiswahili cha kwao cha kupunguza kila kitu.

"Tuna tung'ombe tuwili tutatu."

Mstari ulitembea kwenye kioo tambarare, mtulivu, kama maji kwenye beseni.

"Safi kabisa!" Mpwa akageuza kompyuta watu wote waone. "Mnaona huu? Huu ndio mstari wa ukweli wake. Muukariri."

Nyuma kabisa mtu mmoja alikohoa. Mwingine akajifunika uso kwa kola ya koti. Kisha yule mzee mwenye fimbo magotini akaanza kutikisika mabega, na baada yake hapakuwa na wa kuzuia. Walicheka wafugaji wale, watu wasiocheka ovyo, mpaka wanawake wa maharage wakavuka barabara kuja kuuliza kuna nini.

"Nimekosea nini?" mpwa aliuliza.

Haji alivua miwani, akafuta macho. "Mwanangu, ng'ombe wa huyu bwana wakivuka barabara, lori langu linazimwa injini, dereva anashuka, anakunywa chai, anarudi, bado wanavuka."

"Basi amedanganya!"

"Nani kadanganya?" mzee akamjia juu. "Ulitaka awahesabu hadharani kama viazi?"

"Na wengine ni wa kwangu," akadakia jirani yake. "Awataje wangu kwani nimemtuma?"

"Ila mashine inasema..." Mpwa akasita. Akatazama ule mstari tambarare. Alikuwa mwerevu, sasa alianza kuona.

"Muulize maturubai," Haji akasema.

"Ulichukua maturubai?"

"Sikuchukua, waitu," akajibu, kwa neno la heshima la kwao. Mstari ukaruka kama panzi.

Haji akasogea mbele kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuulizia "wanasema", lakini polepole zaidi. "Sasa mpwa wangu. Nani kasema huyu ni mwizi?"

"Mashine, Mjomba."

"Mashine imesikia kwa nani?"

"Kwa moyo wake."

"Na moyo wake umesema nini?"

Mpwa akatazama kioo, akatutazama sisi. "Umeruka."

"Umeruka. Haukusema." Haji akamgeukia mtunza stoo. "Kwa nini unaruka, mwanangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo. Yule bwana alifikiri, mkanda bado kifuani. "Ukiniuliza ng'ombe, Haji, jibu nimepewa na baba yangu. Ukiniuliza wizi, hilo hakuna aliyenifundisha jibu lake."

Haji akainuka. Akaingia ndani mwenyewe, hakumtuma mtu, akatoka na ufunguo, akaupeleka mpaka mkononi mwa mtunza stoo, akasema mbele ya wote, "Nisamehe." Kisha akaongeza, "Shahidi wa mwisho amepatikana. Tumeona kwa macho yetu, tuko wengi, na tunajulikana tunakaa wapi."

Yule mzee aliondoka mchana ule na chumvi na kiberiti. Fimbo alikuwa ameiegemeza ukutani, akaisahau, ikabidi nimkimbilie nayo hadi kwenye mikungu ya ndizi.

Maturubai hayajaonekana mpaka leo. Haji alinunua mengine na kuyachora alama kwa rangi nyekundu kubwa kiasi kwamba rubani angeweza kuisoma. Mpwa hakukata tamaa, vijana wa namna yake hawakati. Siku za mnada anafungua sanduku lake kwa wanaotaka kuburudika, na wachumba ndio wateja wake wakubwa. Swali la ng'ombe ameliacha kabisa. Akija Kaisho hunitafuta, tunabishana hadi chai inapoa, na siku hizi yeye ndiye anayeniuliza, "Umesoma wapi hiyo?"

Ila kuna jambo moja la kumalizia. Wiki chache baadaye mtunza stoo alinichukua, bila kusema tunakwenda wapi, tukateremka hadi bondeni. Tulikaa kwenye nyasi muda mrefu. Mwishowe akaninyooshea ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, akasema, "Yule ni wako. Atakaa hapa na wenzake." Nikakataa, nikakataa tena, akanitazama tu kwa ule ukimya wake mpaka nikaona tumeshakubaliana.

Tangu hapo nimeshindwa kuhama. Kila miguu ikiwasha, inanipeleka bondeni kumtazama, halafu inarudi. Amekuwa mtamba sasa, mkubwa, mkorofi, anapenda kulamba begi langu. Na mtu akiniuliza nina ng'ombe wangapi, najikuta nimekwama, maana tung'ombe tuwili tutatu itakuwa ni kujigamba.

Kwa hiyo nasema sina. Nifungeni mkanda mkitaka. Moyo hautaruka.